Kila Kituko Kina Anwani: Ardhi Inayojitengeneza Ndani ya Gemu

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokaa sakafuni kwa kuwa viti vimekwisha, asanteni kwa kunipa nafasi. Ratiba inasema nitazungumzia michezo ya kompyuta. Mada hiyo ni pana mno kwa mchana mmoja, kwa hiyo nitaibana. Nitazungumzia ardhi: milima, mapango, majangwa na bahari zinazotokea ndani ya gemu bila mtu yeyote kuzichora kwa mkono. Na nitakaa zaidi kwenye vituko vyake, yaani pale ardhi inapofanya jambo ambalo aliyeiandikia programu hakulikusudia. Mifano mingi nitaitoa Minecraft, gemu ambayo ulimwengu wake wote umejengwa kwa matofali, maana nadhani nusu yenu mmeicheza, na nusu iliyobaki mmegombana na wadogo zenu kwa ajili yake.

Ninachotaka kuwaonyesha ni kimoja. Kituko cha ardhi hakizuki hewani. Kina anwani ndani ya programu: hatua fulani, mstari fulani, mara nyingine namba moja tu. Anayejua kusoma vituko huweza kuijua programu ambayo hajawahi kuifungua.

Twende moja kwa moja kwenye kikubwa kuliko vyote.

Mwaka 2010 Markus Persson, Msweden aliyeitoa Minecraft hadharani mwaka mmoja kabla, aliondoa kingo za ulimwengu wake. Zamani ulikuwa ukitembea unafika ukutani, basi. Sasa kila unaposonga, ardhi mpya inatengenezwa mbele yako. Watu wakasema haina mwisho. Lakini ukienda matofali 12,550,821 kutoka katikati, unakuta nchi imesimama wima. Ukuta mkubwa unapanda mpaka juu kabisa ya ulimwengu, umetobolewa matundu marefu yaliyonyooka, na unaendelea kushoto na kulia kadiri jicho linavyofika. Wachezaji wakaipa nchi hiyo jina la Far Lands, yaani Nchi za Mbali. Pembeni kabisa, pale unapokuwa umevuka mpaka kwa pande zote mbili kwa pamoja, ukuta unageuka kuwa matabaka yaliyopangana, moja juu ya lingine, na giza katikati yake.

Tofali moja la Minecraft ni mita moja. Kwa hiyo mpaka huo uko kilomita 12,550 kutoka katikati, karibu sawa na kipenyo cha dunia yetu. Ukitembea kwa mwendo wa kawaida wa gemu, kama mita 4.3 kwa sekunde, utahitaji zaidi ya saa 800 bila kupumzika. Mmarekani mmoja anayejulikana mtandaoni kama Kurt J. Mac alianza safari hiyo kwa miguu mwezi Machi 2011, akiirekodi na kuchangisha fedha kwa shirika la Child's Play linalosaidia watoto walio hospitalini. Toleo jipya lilipokuja na kuufuta ukuta, yeye alibaki kwenye toleo la zamani ili mwisho wa safari yake usitoweke. Mwaka baada ya mwaka aliendelea kutembea kuelekea kwenye hitilafu ya hesabu. Mimi namheshimu sana mtu huyo.

Sasa anwani. Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu hadithi inayosimuliwa mara nyingi ni kwamba "namba ilifurika". Karibu ni kweli, lakini jinsi ilivyotokea kunapendeza zaidi.

Programu ilikuwa inachukua mahali ulipo na kupazidisha ili kupata nukta kwenye gridi ya hesabu. Tofali moja lilikuwa sawa na hatua 171.103 kwenye gridi hiyo. Kisha ilihitaji kuigawa ile namba katika sehemu mbili: namba nzima, inayosema uko kwenye chumba gani cha gridi, na kipande kinachobaki, kati ya 0 na 1, kinachosema uko wapi ndani ya chumba. Namba nzima iliwekwa kwenye sanduku la biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 na 1, ambalo haliwezi kushika zaidi ya 2,147,483,647. Gawanyeni namba hiyo kwa 171.103, mtafika kwenye mpaka niliowatajia.

Lugha nyingine za programu zingeizungusha namba irudi upande wa hasi. Java, lugha iliyotumika kuandikia Minecraft, haifanyi hivyo inapogeuza desimali kubwa kuwa namba nzima. Inaikwamisha palepale kwenye kikomo. Basi chumba cha gridi kikabaki kilekile milele, ilhali kipande kinachobaki, ambacho hakipaswi kuzidi 1, kikaendelea kukua. Tofali moja tu baada ya mpaka, kimeshafika 171. Na kipande hicho kinapitishwa kwenye fomula ya kulainisha: mara sita ya kipeo cha tano, toa mara kumi na tano ya kipeo cha nne, jumlisha mara kumi ya kipeo cha tatu. Ukiipa namba kati ya 0 na 1, inakurudishia namba kati ya 0 na 1, tulivu kabisa. Ukiipa 10, inakurudishia 460,000. Ukiipa 171, inakurudishia zaidi ya bilioni 800. Ardhi iliyozoea kuambiwa "panda kidogo" au "shuka kidogo" sasa inaambiwa bilioni 800. Haina njia ila kujaa mwamba mpaka juu au kuwa tupu mpaka chini.

Na yale matundu yaliyonyooka? Kwa kuwa chumba cha gridi hakibadiliki tena kwenye uelekeo unaokwenda mbali, mahali palipo tupu panabaki tupu hata ukisonga vipi. Mabadiliko yanabaki kwenye pande nyingine mbili tu. Mtu ambaye hajawahi kuona msimbo hata mmoja, akisimama mbele ya ukuta ule na kuona mapango yote yanaelekea upande mmoja, angeweza kusema kwa uhakika ni mhimili gani umekwama. Ndiyo maana nasema kituko kina anwani.

Toleo la Beta 1.8, Septemba 2011, liliweka hesabu ndogo ya kuirudisha namba ndani ya mipaka kabla haijaleta balaa. Ukuta ukafutika. Wapo waliolalamika, na mpaka leo wapo wanaoufungua mchezo wa zamani kwa ajili ya ukuta huo tu.

Sasa turudi nyuma hatua moja. Hii gridi ni ya nini?

Ni kazi ya Ken Perlin. Baada ya kushiriki katika filamu ya Tron ya mwaka 1982, hakupenda jinsi picha za kompyuta zilivyokuwa safi kupita kiasi, kila kitu kimenyooka. Akatafuta namna ya kupata bahati nasibu yenye adabu: namba ambazo huwezi kuzitabiri, lakini zilizo jirani zinafanana. Tunaziita kelele za Perlin. Zilimpatia tuzo ya ufundi ya akademia ya filamu ya Marekani mwaka 1997, na leo ziko kwenye moshi, mawingu, mbao na milima ya nusu ya vitu mnavyoviona kwenye skrini.

Ardhi ya mwanzo ya Minecraft ilitumia kelele hizo kwa njia rahisi: kila nukta ya ramani ilipata namba moja, na namba hiyo ndiyo kimo. Unapata vilima vizuri sana, na baada ya nusu saa umevichoka. Kimo kimoja kwa kila nukta maana yake hakuna jabali linaloning'inia wala tao la mwamba. Persson akahamia kelele za pande tatu. Sasa kila nukta angani na chini ya ardhi inapewa namba ya uzito. Ikizidi sifuri panakuwa mwamba, ikipungua panakuwa hewa. Ili dunia isiwe sifongo tupu, unaongeza uzito kadiri unavyoshuka na kuupunguza kadiri unavyopanda.

Hapo ndipo visiwa vinavyoelea vilipotokea. Kelele ikiwa na nguvu kuliko ule upunguzaji wa kule juu, kipande cha mwamba kinabaki angani peke yake, na mti juu yake, pengine na kondoo. Hakuna aliyeandika "tengeneza kisiwa angani". Ukiona kisiwa cha namna hiyo, ujue mizani kati ya kelele na kimo imeegemea upande wa kelele. Mfano mzuri ulikuja na toleo la 1.7 mwaka 2013, lililoleta savana yenye migunga. Pamoja na savana ya kawaida ikaja ndugu yake adimu, savana iliyopasuka, ambayo mizani hiyo iliachiwa kwa makusudi. Majabali yake yalipita mawingu. Ukitaka kumwonyesha mgeni wa mchezo huu kwa nini watu waliupenda, mpeleke huko usiku, kisha usubiri kukuche.

Toleo hilohilo liliondoa kituko kingine: jangwa kupakana na theluji. Kabla yake unaweza ukawa na mguu mmoja kwenye mchanga na mwingine kwenye barafu. Walipanga upya maeneo kwa joto, ili baridi na joto visikutane ana kwa ana. Wengi waliona ni maendeleo. Mimi nimekua nikiona theluji ya Kilimanjaro kutoka kwenye jua kali la tambarare, kwa hiyo sikuwahi kuona kosa lilikuwa wapi.

(Kicheko.)

Sasa mbegu. Kila ulimwengu unaanza na namba moja, mbegu, na kutoka hapo kila kitu kinahesabiwa. Mbegu ileile, toleo lilelile, ulimwengu uleule, hata wewe ukiwa Tanga na mwenzako Muscat. Mbegu ya Minecraft ina biti 64, kwa hiyo zipo 18,446,744,073,709,551,616. Lakini namba kubwa zina tabia ya kudanganya.

Danganyo la kwanza ni la maneno. Kwenye toleo la Java unaweza kuandika neno badala ya namba, na watu wengi huandika majina yao. Neno hilo linageuzwa kuwa namba ya biti 32 tu. Kwa hiyo maneno yote ya lugha zote duniani, pamoja na mashairi yote mtakayoyaandika, yanaweza kufungua milango 4,294,967,296 na si zaidi. Na kanuni ya kugeuza ni rahisi: unachukua herufi ya kwanza, unazidisha kwa 31, unaongeza inayofuata, unazidisha tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. B kubwa ni 66, a ndogo ni 97: 66 mara 31 ni 2,046, ongeza 97, unapata 2,143. C kubwa ni 67, B kubwa ni 66: 67 mara 31 ni 2,077, ongeza 66, unapata 2,143. Kwa hiyo anayeandika "Baba" na anayeandika "CBba" wanaingia ulimwengu mmoja, mlima kwa mlima, mti kwa mti. Jaribuni mkirudi nyumbani. Mkipenda, tafuteni ndugu wa majina yenu.

La pili ni zito zaidi. Kifaa cha bahati nasibu cha Java hakitumii biti 64. Kinatumia 48. Kila hatua kinazidisha hali yake kwa 25,214,903,917, kinaongeza 11, na kubakisha biti 48 za chini. Katika matoleo kabla ya 1.18, umbo la ardhi, mapango na majengo vilitegemea biti hizo 48, na ni mpangilio wa maeneo tu, wapi jangwa na wapi msitu, uliotumia biti zote 64. Matokeo yake kila ulimwengu ulikuwa na madada 65,535 wenye vijiji na mapango ya chini yaliyopangwa kwa hesabu ileile, ila wamevishwa mazingira tofauti. Wachezaji waligundua hili bila kuambiwa na mtu, kwa kulinganisha ramani.

Na kwa kuwa hesabu hiyo ni kuzidisha na kuongeza tu, inarudishika nyuma. Hapa ndipo ninapotaka wanaosoma usalama wa mitandao wakae wima. Minecraft ilikuwa na picha ndogo sana iliyotumika kama nembo ya kifurushi cha sura za mchezo. Ilionyesha kilima, maji, miti michache. Ilikaa pale kwa miaka na watu wakaiona bila kuitazama. Mwaka 2020 kundi la kujitolea la Minecraft@Home lilitumia kompyuta za watu wengi zilizounganishwa kutafuta mbegu iliyozaa kile kilima. Walichokuwa nacho ni mpangilio wa vitu vidogo pichani: miti iko wapi, maji yanaanguka wapi. Kila kimoja ni sharti ambalo mbegu lazima ilitimize, na masharti yakitosha, mabilioni ya mbegu yanaanguka moja baada ya nyingine mpaka inabaki moja. Ni 3257840388504953787. Sasa yeyote mwenye toleo linalofaa anaweza kwenda kusimama pale pale. Bahati nasibu hii inatosha kwa milima. Msije mkaitumia kutengeneza nywila.

Niseme kidogo juu ya mapambo, kwa sababu vichekesho vingi viko huko.

Dunia ya Minecraft hutengenezwa kwa vipande vya matofali 16 kwa 16, na kila kipande kinapitia hatua kwa zamu. Mwamba kwanza, kisha ngozi ya juu ya udongo au mchanga, kisha mapango yanachimbwa, kisha madimbwi na majengo, kisha madini na miti. Hatua moja haijui sana iliyotangulia ilifanya nini, na hapo ndipo aibu zinapotokea. Mchanga wa Minecraft huanguka usipokuwa na kitu chini yake, lakini unaangaliwa pale tu kitu cha jirani kinapobadilika. Pango likichimbwa chini ya jangwa, mchanga unabaki juu umening'inia, haujui kwamba hauna sakafu. Unakuja wewe na mwenge wako, unagusa tofali moja, na dari lote linakushukia. Dimbwi la lava linawekwa msituni kwa sababu hatua ya madimbwi haiulizi kama miti itafuata, na mchezaji anafungua ulimwengu mpya akipokewa na moto. Vijiji vinapandishwa kwenye majabali, mlango unafunguka kwenye utupu, na njia ya kwenda kisimani inakwenda hewani. Ngome za chini ya ardhi, ambazo lazima uzipite ili umalize mchezo, huweza kukatwa katikati na bonde.

Ngome hizo zina lango lenye fremu 12, na kila fremu ina nafasi moja kati ya kumi ya kuja tayari na jicho lake, kifaa kinachohitajika ili lango lifunguke. Fremu zote 12 kuja zimejaa ni nafasi moja kati ya trilioni. Mchezaji wa kawaida hatalikuta lango hilo maisha yake yote. Lakini mbegu ni nyingi kuliko trilioni, kwa hiyo malango ya namna hiyo lazima yawepo, na watu wameyatafuta kwa programu na kuyapata. Hiki ni kituko ambacho hakina kosa lolote nyuma yake. Ni matokeo ya kuwa na mbegu nyingi mno.

Novemba 2021 lilikuja toleo la 1.18, na sitalisema vibaya, maana ni kazi ya ufundi mkubwa. Ulimwengu uliongezwa kimo kutoka matofali 256 hadi 384, ukashuka chini ya sifuri mpaka hasi 64. Umbo la ardhi likaachanishwa na mazingira: sasa kelele kadhaa zinahesabiwa kwa pamoja, joto, unyevu, umbali na bahari, mmomonyoko, na nyingine waliyoipa jina la uajabu, kisha msitu au jangwa linachaguliwa kulingana na namba hizo. Mapango yakagawanywa kwa aina ambazo watengenezaji wenyewe waliziita jibini, tambi nene na tambi nyembamba. Hata tatizo la mipaka walilishughulikia. Zamani, ukiendelea na ulimwengu wako baada ya toleo jipya, ardhi ya zamani ilikutana na mpya kwa ukuta ulionyooka kama umekatwa kwa kisu, mto ukiishia kwenye jabali. Wachezaji wa siku nyingi walikuwa na kuta hizo kila upande, na waliweza kusema kila ukuta ni wa mwaka gani. Toleo la 1.18 huchanganya kingo ili zisionekane.

Ardhi hiyo mpya inapendeza. Unapanda mlima unaona bonde, unaona ziwa, jua linazama, unapiga picha. Baada ya mabonde kadhaa, nami ninayesema haya nimecheza saa nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye familia, unaanza kujua bonde lijalo litakuwaje. Mtafiti Kate Compton aliliweka jambo hili vizuri: ukipika bakuli elfu kumi za uji wa oti, kila bakuli ni tofauti kihesabu, hakuna punje zilizokaa mahali pamoja, lakini anayekula ataona uji tu. Kampuni ya Uingereza ya Hello Games ilikumbana na hilo mwaka 2016 kwa gemu ya No Man's Sky, iliyotangazwa kuwa na sayari zaidi ya kwintilioni 18, yaani ileile biti 64 niliyowatajia. Namba ilikuwa ya kweli. Wachezaji wengi walitua kwenye sayari chache na kusema wameshaziona zote.

Waliotangulia walilijua hili mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1984 David Braben na Ian Bell walitoa Elite, gemu ya safari za angani, kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. Hesabu yao ingeweza kuzaa mamia ya trilioni ya magalaksi. Wachapishaji wao, Acornsoft, waliwashauri wabakize manane, kila moja lenye nyota 256, ili mchezaji asigundue jinsi zilivyofanana. Na walipokuwa wakizipitia waligundua kwamba kanuni ya majina ilikuwa imeipa sayari moja jina la matusi, ikabidi galaksi hiyo iachwe. Hilo ndilo jambo ambalo naona vijana wanaoanza hulisahau: kazi ya mtengenezaji haiishi kanuni inapofanya kazi. Anabaki na kuchagua. Kituko kipi kinaua mchezo, kama ngome iliyokatwa, kirekebishwe leo. Kipi kinampa mtu hadithi ya kusimulia, kiachwe. Watengenezaji wa gemu ya Terraria wamefika mbali zaidi, wameficha mbegu maalumu zinazoiharibu dunia kwa makusudi; ukiandika 05162020, tarehe ya toleo lao kubwa la Mei 2020, maovu mawili ambayo kwa kawaida hayakai ulimwengu mmoja yanakuja pamoja.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini hapa kwetu. Minecraft yenyewe imeshafika Nairobi kwa njia ya heshima. Tangu 2012 kampuni ya Mojang, inayotengeneza Minecraft, na UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake yako Gigiri, waliendesha mradi wa Block by Block, na kazi ya majaribio ilikuwa uwanja wa Silanga, Kibera. Wakazi walijenga ndani ya gemu uwanja wanaoutaka. Lakini angalieni: hapo mbegu haikutumika. Ardhi ilitengenezwa kwa kufuata mahali halisi, kwa sababu kelele za Perlin haziijui Kibera. Na kwa anayetaka kujifunza bila gharama ipo Luanti, iliyoitwa Minetest mpaka 2024, programu huria iliyoanzishwa na Perttu Ahola mwaka 2010. Ulimwengu wake unaishia karibu matofali 31,000 kila upande, na mipangilio ya kelele iko wazi. Ongezeni kipimo cha kelele mara kumi muone itakavyokuwa. Haribuni kwanza, mtaelewa upesi kuliko kusoma.

Kuna kijikaratasi kimeletwa hapa, nitakijibu kisha nikae. Kinasema: "Mwalimu, nataka kutengeneza gemu yenye mto Rufiji, kwa nini mito ya Minecraft haitoki mlimani?"

Swali zuri kuliko hotuba yangu. Mito ya Minecraft kweli haitoki popote. Ni mikanda ya maji kwenye usawa wa bahari, inazunguka, mara inajifunga yenyewe. Anwani ya kituko hiki iko kwenye ahadi ya kwanza kabisa, ile ya ulimwengu usio na mwisho. Ili ardhi itengenezwe popote utakapofika, kila kipande lazima kihesabike peke yake bila kungoja kingine. Mto hauwezi kuhesabiwa hivyo. Ili ujue maji yaliyopo kwenye delta mkabala na Mafia, lazima uwe umeshajua Kilombero na Luwegu zimekutana wapi, Ruaha Mkuu umeingiza kiasi gani, na mvua ilinyesha wapi juu yake. Kinachotokea Utete kinategemea kilichotokea mamia ya kilomita huko juu. Ndugu Tarn na Zach Adams, kwenye gemu yao ya Dwarf Fortress, walilitatua kwa kukubali ramani yenye mwisho: ulimwengu wote unatengenezwa kabla hujaanza kucheza, mmomonyoko unapita, mito inatafuta njia, ndipo unaruhusiwa kuingia.

Nawe fanya hivyo. Anza na ramani ndogo, nukta 512 kwa 512. Tengeneza vimo kwa kelele, halafu zibe mashimo yasiyo na njia ya kutokea, ili maji yasikwame. Zipange nukta zote kutoka ya juu hadi ya chini. Kila nukta ipe tone moja, na uliambie lishuke kwa jirani aliye chini kuliko wote, likibeba matone yote yaliyolifikia. Nukta zilizokusanya matone mengi ni mto. Zichimbe kidogo, kisha urudie zoezi. Mara ya kwanza mito yako itakwenda kwa pembe za digrii 45 kwa kuwa jirani wako wanane tu, na utajua anwani ya kituko hicho bila kuniuliza. Mchana mwema, na aliyeandika kijikaratasi anione kabla hajaondoka.